Kumtembelea Mzee wa Kiyahudi Asiyetoka Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Vikundi vya Kujitolea

Katika majengo ya ghorofa ya Upper West Side, Washington Heights na Brighton Beach, jijini New York, wanaishi wazee wa Kiyahudi ambao mlango wao hufunguliwa kwa watu wachache sana: mhudumu wa nyumbani, mleta dawa, na pengine mtoto anayeishi jimbo la mbali anapokuja sikukuu. Magoti yamekataa ngazi, macho yamepungua, mume au mke ametangulia, na marafiki wa sinagogi wameondoka mmoja mmoja. Mwaka 2023 Vivek Murthy, wakati huo daktari mkuu wa serikali ya Marekani, alitoa waraka rasmi uliouweka upweke katika orodha ya hatari za afya ya umma, akiuhusisha na maradhi ya moyo, kiharusi na kupotewa na kumbukumbu.

Mwongozo huu ni wa kikundi kinachotaka kuwatembelea wazee hao: familia yenye watoto, wanafunzi wa sekondari, watu wa maofisini, wastaafu. Si lazima uwe Myahudi. Waswahili wengi walioko Marekani na Uingereza tayari wanafanya kazi ya kuhudumia wazee, na mengi ya hapa watayatambua.

Tushike jambo moja kabla ya yote. Kinachoondoa upweke ni ahadi ndogo isiyovunjwa: mtu yuleyule, siku ileile, saa ileile, saa moja kwa wiki, mwaka mzima. Kundi la watu kumi likija na nyimbo siku ya Hanuka kisha lisionekane tena, nyumba hubaki kimya kuliko ilivyokuwa. Kama uwezo wenu ni ziara mbili kwa mwezi, ahidini mbili na mzitimize.

Kabla ya kugonga mlango

Msianze peke yenu. Nendeni kwenye shirika lenye afisa ustawi wa jamii anayewajua wazee hao kwa majina. New York ipo DOROT, iliyoanzishwa mwaka 1976 na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia. London ipo Jewish Care. Katika nchi zilizokuwa Muungano wa Kisovieti vipo vituo vya Hesed vya kuhudumia wazee, vinavyosaidiwa na Joint, shirika la misaada la Wayahudi wa Marekani. Shirika litawakagua rekodi za polisi, litawapa mafunzo na bima, na litakuwa na mtu wa kupigiwa simu mambo yakiharibika. Mratibu mmoja asibebe zaidi ya jozi 20 za mzee na mgeni wake. Akizidisha hapo hasomi tena taarifa za ziara, na ndipo mzee anapokaa wiki tatu bila mgeni pasipo mtu kujua.

Kuoanisha watu kunahitaji maswali ya kweli. Umri si kitu sana; lugha ni kitu kikubwa. Brighton Beach wengi wanazungumza Kirusi, na si wachache ambao hawana dini kabisa lakini hujivunia tarehe 9 Mei, siku ya ushindi dhidi ya Ujerumani ya Hitler. Kwingine mtakuta Kiyidi (lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki), Kijerumani, Kihungari au Kifaransa. Wakongomani wa Brussels wana mlango wao wa pekee: Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes waliishi Elisabethville, Lubumbashi ya leo, wakajenga sinagogi huko mwaka 1930, na baadaye wengi wakahamia Ubelgiji. Mzee aliyekulia huko huenda bado ana Kiswahili cha Katanga.

Ulizeni pia: anasikia kwa sikio lipi vizuri? Anashika kosha (sheria za chakula za Kiyahudi) na Sabato kwa kiasi gani? Anatumia oksijeni? Anaogopa mbwa? Nani ana ufunguo wa akiba? Mambo gani hataki kuulizwa?

Sharti moja halina mjadala. Usihubiri. Usiache kijitabu, usifunge ziara kwa sala ya dini yako, usimwalike kanisani wala msikitini. Wayahudi walilazimishwa kubadili dini kwa karne nyingi, na mgeni anayekuja na nia hiyo anaumiza hata akiwa na moyo mwema. Mzee mwenyewe akikuomba usome kitu, msomee Zaburi ya 121. Wayahudi nao husoma Zaburi kwa ajili ya mgonjwa.

Saa na kalenda

Kumtembelea mgonjwa ni wajibu katika dini ya Kiyahudi, nao huitwa bikur holim. Talmudi, kitabu kikuu cha mafundisho ya marabi, katika sehemu iitwayo Nedarim, inasema amtembeleaye mgonjwa humwondolea sehemu moja ya sitini ya mateso yake, na kila anayefuata huondoa sehemu ya kile kilichobaki. Papo hapo inashauri kutokwenda katika saa tatu za kwanza za mchana wala saa tatu za mwisho. Ushauri huo unafaa hata leo. Asubuhi mhudumu anamwogesha na kumpa dawa. Jioni wenye tatizo la kumbukumbu huchanganyikiwa zaidi. Panga ziara kati ya saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri.

Sabato huanza Ijumaa kabla ya jua kuzama na kwisha Jumamosi usiku nyota zinapoonekana, kama saa 25. Anayeishika hapokei simu, hawashi taa, haandiki, hagusi pesa. Mwezi Desemba jua la New York huzama karibu saa 10 na nusu alasiri, na mishumaa huwashwa dakika 18 kabla. Kwa hiyo mfuko wa chakula cha Sabato unaopelekwa Ijumaa uwe umefika kabla ya saa 7 mchana. Kumbuka pia kila sikukuu huanza jioni ya kuamkia siku iliyoandikwa kwenye kalenda ya kawaida. Hapo ndipo wageni wengi hukosea: wanafika na zawadi wakati sikukuu imekwisha kuingia.

Ziara ya kwanza

Iwe ya dakika 40, na mratibu awepo. Piga simu siku moja kabla. Ukifika, bonyeza kengele mara moja, sema jina lako na la shirika, kisha subiri dakika tatu nzima. Anayetembea kwa kitembezi anahitaji muda huo, na kengele ya pili humfanya aharakishe. Kuharakisha ndiko kunakomwangusha.

Kwenye mwimo wa kulia wa mlango utaona kisanduku kidogo kimepigiliwa kwa mshazari. Hiyo ni mezuza, yenye aya za Torati ndani. Usiiguse kwa udadisi. Kama nyumba ni ya Wayahudi wa Kiorthodoksi, wanaoshika sheria kikamilifu, na mwenye nyumba si wa jinsia yako, usinyooshe mkono wa kwanza. Salimia kwa kichwa na tabasamu. Mwite kwa jina la ukoo, Bi. au Bw. fulani, mpaka akwambie vingine. Sisi tumezoea kumwita kila mzee "bibi" au "babu" kwa heshima, lakini huyu huenda hakujaliwa mtoto, au alimzika mtoto wake.

Uliza ukae wapi. Kiti kilicho tupu karibu na dirisha mara nyingi kilikuwa cha marehemu. Kaa mwanga ukiangukia uso wako, si nyuma yako.

Usianze na afya. Swali la "unaendeleaje?" hufungua orodha ya maumivu, na saa nzima huishia hapo. Anza na kitu unachokiona: kinara cha mishumaa, picha ya harusi, kitambaa kilichofumwa. Au anza na chakula. Muulize mzee mwenye asili ya Ulaya Mashariki kama mama yake alipika samaki wa gefilte mtamu au wa pilipili manga. Familia zilizotoka Galicia na sehemu za Poland hutia sukari. Za Lithuania hutia pilipili. Ubishi huo ni wa zamani sana, kila upande una hakika, na swali hilo moja linaweza kukupa nusu saa ya mama, jiko, soko la Alhamisi na mtaa wa Bronx waliohamia baadaye.

Dakika kumi kabla ya kuondoka, sema kwamba muda unakaribia. Chukua kalenda yake, andika siku ya ziara ijayo kwa kalamu nene nyeusi pamoja na jina lako, na msome pamoja. Ukitoka, mwandikie mratibu mistari mitatu siku hiyohiyo: hali yake, kilichobadilika, kinachohitaji kufuatiliwa.

Kuanzia ziara ya tatu hivi, tafuta kitu ambacho yeye atakupa wewe. Akufundishe sataranji, akusahihishie insha, akuoneshe namna ya kusuka hala, mkate wa Sabato. Mzee anayepokea tu, wiki baada ya wiki, huanza kujiona mzigo, na wengine husitisha ziara kwa sababu hiyo bila kuisema.

Masikio, macho, kumbukumbu

Ziara nyingi huharibika kwa sababu mzee hakusikia na akaona haya kusema. Zima televisheni. Keti mita moja hivi mbele yake. Shusha sauti iwe nzito badala ya kuipandisha. Kupiga kelele huipeleka sauti juu, na sauti za juu ndizo zinazopotea kwanza uzeeni. Asiposikia, badilisha maneno badala ya kurudia yaleyale. Na hapa adabu yetu inaweza kutuponza: wengi tumelelewa kuinamisha macho mbele ya mkubwa, ila mzee anayesoma midomo anauhitaji uso wako wote. Mtazame.

Kifaa cha sikio kikiwa kimya, mara nyingi ni betri. Rangi ya kibandiko ndiyo saizi: njano ni 10, kahawia 312, chungwa 13, buluu 675. Bandua kibandiko, acha betri wazi kwa dakika moja au mbili ipate hewa, ndipo uitie. Ukiitia papo hapo inaweza kuonekana imekufa. Vifaa vipya vingi huchajiwa, kwa hiyo tazama kwanza. Kuziba kwa nta ya sikio mwachie mhudumu wa afya.

Chochote unachomwandikia kiwe cha herufi za pointi 18 au zaidi, nyeusi juu ya karatasi nyeupe isiyong'aa.

Kwa anayesahau, usimpime. "Unanikumbuka?" ni mtihani, na akifeli anajua amefeli. Jitambulishe upya kila mara kana kwamba ni kawaida. Akisema mumewe anakuja saa hizi na mume alifariki zamani, usimtangazie kifo upya; muulize mume alipenda kula nini. Nyimbo za utotoni na baraka za mishumaa hubaki kwa muda mrefu hata maneno mengine yakipotea.

Watoto na vijana

Mtoto aje na mzazi, kwa nusu saa, na awe na kazi: domino, kadi zenye tarakimu kubwa, picha ya kupaka rangi pamoja. Mweleze kabla kuhusu mrija wa oksijeni, meno kwenye glasi, harufu ya dawa. Asikimbie ndani; mirija na miguu ya kitembezi ipo sakafuni.

Vijana waende wawili wawili, kwa kibali cha mzazi, simu mfukoni. Wakifundisha simu au tableti, wafundishe jambo moja tu kwa ziara, kwenye kifaa cha mzee mwenyewe, na mkono wa mzee ndio uguse kioo. Kijana akishika yeye, mambo yanakwisha haraka na mzee hajajifunza kitu.

Familia nyingi za Kiyahudi humpa kijana wa miaka 12 au 13 kazi ya kusaidia jamii anapojiandaa kwa bar mitzva (mvulana) au bat mitzva (msichana), sherehe ya kuingia utu uzima kidini. Ni nafasi nzuri yenye hatari yake: sherehe ikipita, mtoto hupotea. Mwambieni mzee tarehe ya mwisho tangu siku ya kwanza, na mratibu awe na mtu wa kumrithi kijana huyo.

Wazee nao wajitolee. Mwenye miaka 85 asiyeweza kushuka ngazi anaweza kumpigia mwenzake simu kila Jumatatu, na mara nyingi hafanyi mchezo na saa.

Simu

Iache iite mara 12. Kwa kuwa matapeli huwasumbua sana wazee, kubalianeni sentensi moja ya kujitambulisha ambayo nyinyi wawili tu mnaijua. Kwenye simu ya kikundi, watu 6 hadi 8 wanatosha, na kila mtu ataje jina kabla ya kusema.

Chakula na mfuko wa Sabato

Kwa mtu mmoja: mikate miwili midogo ya hala (huhitajika miwili kwa baraka), juisi ya zabibu mililita 250, supu ya kuku nusu lita, kipande cha kuku, kugel ya viazi (viazi vilivyookwa kama keki), mishumaa miwili, kadi ya baraka kwa herufi kubwa, na barua ya mkono kutoka kwa mtoto. Uzito usizidi kilo 3, na mfuko uwe na mpini mpana.

Usipike wewe. Hata mboga tupu zilizopikwa kwenye sufuria ya nyumba isiyo ya kosha hazifai kwa anayeshika sheria. Nunua vilivyofungwa, vyenye alama ya kosha kama ile ya OU. Nyama na maziwa havichanganywi katika mlo mmoja, na wengi hungoja saa kadhaa, hata sita, baada ya nyama kabla ya kula kitu cha maziwa. Ukitia kuku mfukoni, kitindamlo kisiwe na maziwa. Usioshe vyombo bila kuuliza, maana sponji ya nyama na ya maziwa ni mbili. Ukikosea, sema. Rabi ataamua, na kuficha ndiko kunakoharibu imani.

Hapa kuna ugumu ambao watu huugundua wamechelewa. Kifungo cha kosha hakitakiwi kuvunjwa kabla, na vidole vya mwenye baridi yabisi haviwezi kukivunja. Mfuko ulioachwa mlangoni unaweza kukutwa wiki ijayo haujaguswa. Ingia, fungua vifuniko mbele yake, virudishie kwa kulegeza, panga kila kitu rafu ya katikati ya friji.

Angalia afya pia. Juisi ya zabibu ina sukari nyingi kwa mwenye kisukari. Supu za makopo zina chumvi. Mwenye shida ya kumeza asipewe matza kavu, mkate mwembamba usio na chachu. Penye oksijeni moto hauwashwi kabisa: tumieni taa za betri, na kama ana wasiwasi wa sheria mratibu amwulize rabi, kwa kuwa marabi wengi wameruhusu taa za umeme hospitalini. Asiyekumbuka vizuri asiachiwe kiberiti.

Sikukuu zingine zina mambo yake. Rosh Hashana, mwaka mpya wa Kiyahudi: tofaa na asali, na mtu anayejua kupuliza shofari, baragumu la pembe ya kondoo, aje apulize milio 30 kwa asiyeweza kufika sinagogi, apunguze kwanza sauti ya kifaa cha sikio. Yom Kipuri, siku ya mfungo, usimshawishi kufunga wala kutofunga; dawa na mfungo ni swali la daktari na rabi, waulizwe wiki mbili kabla. Sukoti, sikukuu ya vibanda, mpelekee etrogi (tunda la jamii ya limau) pamoja na lulavi, ile ya kuti moja la mtende, matawi matatu ya mhadasi na mawili ya mierebi, azishike mwenyewe. Hanuka pakiti ya mishumaa 44 hutosha usiku wote nane. Purimu watoto wabebe vyakula viwili vilivyo tayari kuliwa.

Pesaki, yaani Pasaka ya Kiyahudi, ndiyo nzito. Kwa siku nane nyumba haitakiwi kuwa na mkate, biskuti, tambi wala bia, na bidhaa za kawaida zenye alama ya kosha hazitoshi. Tafuta zilizoandikwa kuwa ni za Pesaki. Waashkenazi (Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki) wengi hawali mchele na maharage siku hizo, Wasefaradi (wenye asili ya Hispania na Ureno) wengi wanakula. Uliza, peleka siku nne kabla, na hata mandazi yako ya njiani yabaki nje ya mlango.

Manusura wa Holokosti

Ripoti ya Januari 2024 ya Claims Conference, shirika linalowadaia manusura fidia kutoka Ujerumani, ilikadiria kuwa manusura kama 245,000 wa Holokosti, mauaji ya Wayahudi chini ya Hitler, walikuwa hai katika nchi zaidi ya 90, nusu yao wakiwa na zaidi ya miaka 86. Maana yake, wengi walikuwa watoto wakati ule. Wengine walifichwa na majirani, wengine walikimbilia Asia ya Kati, wengine walikuwa geto, yaani mitaa walimofungiwa Wayahudi. Usiulize "ulikuwa kambi gani?" na usiombe kuona namba aliyochanjwa mkononi kambini.

Fika kwa wakati. Kwa mtu ambaye mzazi wake aliondoka asirudi, kuchelewa kwako dakika 20 ni tisho halisi. Usimjie na sare, mbwa, au kishindo mlangoni. Usitupe chakula mbele yake, na ukikuta vipande vya mkate kwenye droo viache. Mweleze mratibu kama kuna hatari ya wadudu. Kuoga, foleni na sindano vinaweza kuamsha hofu bila yeye kujua sababu.

Akianza kusimulia, nyamaza usikilize. Usimkatize kwa "pole, yamepita", usilinganishe na masaibu mengine. Kisha usiondoke hapo hapo. Tenga dakika 15 za mwisho kwa kitu cha leo: chai, hali ya hewa, picha za wajukuu, mpango wa wiki ijayo. Usiku baada ya simulizi ndio mgumu, kwa hiyo piga simu asubuhi.

Mipaka na dharura

Hutoi dawa, humnyanyui, huchukui kadi yake ya benki, husaini chochote, hukai na ufunguo. Chai na biskuti kubali. Fedha kataa, na kito cha familia mpigie mratibu kabla hujajibu. Ukikohoa usiende, piga simu. Mabishano ya siasa za Israeli yaache nje.

Tazama bila kupekua: barua zilizorundikana, friji tupu, michubuko, nguo zilezile, joto kali ndani ya nyumba wakati wa kiangazi. Akisema hataki kuishi, usimhubirie. Kaa naye, mpigie mratibu, na Marekani namba 988 hupokea simu za namna hiyo saa zote.

Mlango usipofunguliwa: subiri dakika tatu, piga simu yake ukisikiliza kama inaita ndani, gonga na kuita jina, mwulize mlinzi au msimamizi wa jengo, mpigie mratibu. Mratibu ajaribu familia na hospitali kwa dakika 15. Asipopatikana, piga 911 uombe mtu aje kukagua hali yake. Usiondoke ukidhani amelala.

Kuagana

Anayehama au kwenda chuo aseme wiki sita kabla, amlete mrithi wake mara mbili, na aandike kadi mwezi unaofuata.

Mzee akifariki, mazishi ya Kiyahudi hufanywa haraka, mara nyingi siku inayofuata, hivyo mratibu awapigie wageni wake mara moja. Familia hukaa maombolezo siku saba, yaani shiva, kwenye viti vifupi na vioo vimefunikwa. Mlango huwa haujafungwa. Ingia bila kupiga kengele. Usipeleke maua. Keti, ngoja mfiwa aanze kusema, kisha mpe kile ulicho nacho peke yako: aliyokuwa akisimulia, mapishi aliyokufundisha, alivyocheka. Watoto walioishi mbali mara nyingi hawakuwahi kuyasikia. Mtoto aliyekuwa akija na wewe mwambie wazi kwamba amekufa, usiseme amelala, na mruhusu aandike barua kwa familia. Mratibu asimpangie mgeni huyo mzee mwingine kabla ya siku 30 kupita.